Biblia Inatosha, Mhubiri Wako Hatoshi

Jumapili iliyopita mhubiri mgeni alisimama mbele ya usharika wetu, akainua Biblia juu ya kichwa, akatuuliza kama tunaiamini. Tukajibu amina. Akauliza kama inatosha. Tukajibu amina kwa nguvu zaidi. Ndipo akateremka ngazi, akamwendea dada mmoja wa kwaya, akamchukulia kitabu kilichokuwa mapajani mwake na kukinyanyua kwa vidole viwili, kama mtu aliyemshika panya kwa mkia. “Hivi ndivyo vinavyowapoza Wakristo wa mjini,” akasema. “Maneno ya wanadamu! Mwenye Neno anatafuta nini tena kwa wanadamu?” Makofi yakalipuka. Mzee mmoja wa baraza, ambaye kwa mambo mengine yote namheshimu, alisimama kabisa akapunga leso.

Ibada ilipokwisha dada alirudishiwa kitabu chake, jalada likiwa limekunjika. Hakuombwa radhi. Nimekaa na hasira wiki nzima, na mhariri amenipa nafasi ya kuzimwaga.

Tuanze na hesabu nyepesi. Mahubiri yale yalizidi saa nzima, na humo ndani mistari ya Biblia iliyosomwa ilikuwa ya kuhesabika kwenye vidole vya mkono mmoja. Yaliyobaki yalikuwa ya nani? Tulisikia habari za shangazi yake, ndoto aliyoota akiwa ndani ya basi, na namna shetani anavyopenyeza wivu kati ya wifi na wifi. Kisha akasoma kwa sauti kuu yale maneno ya herufi nzito yanayokaa juu ya fungu, akatangaza kwamba Neno linasema “Mwana Mpotevu”. Halisemi! Kile ni kichwa cha habari, kimewekwa na wahariri, watu waliokaa mezani na kalamu na vikombe vya chai. Hata pale alipodhani anasoma Biblia tupu, alikuwa anasoma maneno ya wanadamu na hana habari.

Hoja yangu ni moja, na nitaipigilia mpaka mchoke. Anayekukataza vitabu vya wanadamu hakutoi mikononi mwa wanadamu. Anakutoa mikononi mwa wanadamu wengi ili ubaki mikononi mwa mmoja, na huyo mmoja ni yeye.

Fikiria tofauti iliyopo. Kitabu kina jina la mwandishi, kina mwaka, kina namba za kurasa. Mwandishi akijipinga mwenyewe, unaweka kidole kwenye ukurasa wa 40 na kingine kwenye ukurasa wa 90, unambana. Ukitilia shaka, unakifunga, unakwenda kumuuliza mtu mwingine, unarudi mwezi ujao nacho bado kinasema kilekile. Mahubiri je? Mwambie mhubiri siku ya Jumatano kwamba Jumapili alisema jambo lisilo sawa. Atakujibu kwamba hukumsikia vizuri. Ukisisitiza, una roho ya upinzani. Ukileta shahidi, mmekaa kikao cha kumpinga mtumishi. Sasa nani hapo anayepaswa kuogopwa, mwandishi aliyejianika kwa maandishi mbele ya dunia nzima, au huyu ambaye maneno yake hayakamatiki?

Na imani hii si ya mhubiri mmoja. Imejaa kwenye semina, kwenye mikutano ya viwanjani, hata kwenye ibada za nyumba kwa nyumba. Ukionekana na kitabu cha dini mkononi unaulizwa kwa sauti ya upole wenye sumu: “Biblia umeshaimaliza?” Anayekuuliza hivyo, mara nyingi, yeye mwenyewe amekwama Mambo ya Walawi tangu alipopata kipaimara.

Mistari yao naijua yote. Wa kwanza ni ule wa Paulo kwa Wakorintho kwamba andiko huua, bali roho huhuisha. Wanautamka wakifumba macho, kana kwamba umewashukia asubuhi ile. Lakini aliyeusema aliusema kwa barua, ndugu zangu! Alikaa, akachukua wino, akaandika. Kama alikuwa na maana kwamba maandishi yote ni sumu, basi aliituma sumu hiyo Korintho akijua.

Wa pili ni ule wa Mhubiri wa Agano la Kale anayelalamika kwamba vitabu vinatungwa bila kikomo na kusoma sana kunachosha. Naye alilalamika wapi? Mwishoni mwa kitabu cha sura 12 alichokiandika.

Wa tatu ndio unaonichekesha. Waefeso walipoamini, wanasema, walichoma vitabu. Ni kweli, na thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Soma basi ni vitabu gani. Vilikuwa vya uganga! Yaani ilikuwa bidhaa ya watu waliouza nguvu za kiroho kwa bei. Mhubiri wetu aliyetuhadithia moto wa Efeso alikuwa na meza pale mlangoni, na juu ya meza chupa za mafuta ya upako, maji ya upako na vibandiko vya kubandika kwenye gari. Kitabu cha yule dada kinauzwa elfu tano. Chupa ya mafuta, nusu lita haijai, elfu ishirini. Paulo angepita pale mlangoni, sina hakika kwamba angeanza kuchoma upande wa kwaya.

Wa nne ni kwamba Petro hakuwa na elimu. Sawa. Petro huyohuyo, kwenye barua yake ya pili, anaonyesha kwamba amezisoma barua za Paulo, anakiri kwamba zina mambo magumu, na anawalaumu watu wasio na elimu wanaozipotosha. Mvuvi wa Galilaya alikuwa anamsoma mwenzake, na kwenye mambo magumu hakujifanya ameelewa. Wavuvi wetu wa siku hizi hawana magumu. Wana suti tu.

Tena hebu tumtazame Paulo mwenyewe. Yuko kifungoni, anajua siku zake zimekwisha, anamwandikia Timotheo aje upesi. Anaagiza nini? Anaagiza joho alilomwachia Karpo kule Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtu aliyeandika sehemu kubwa ya Agano Jipya, aliyesema alinyakuliwa mpaka mbingu ya tatu, anakaribia kukatwa kichwa na anataka vitabu vyake! Mhubiri wetu hajafika hata mbingu ya kwanza lakini ameshatosheka.

Walutheri wenzangu ndio wanaonishangaza zaidi, maana “Biblia peke yake” wanaisema kana kwamba ni jina la ukoo. Luther mwenyewe aliona kwamba watu hawaijui misingi ya imani, akawatungia Katekisimo Ndogo mwaka 1529, ileile tuliyoikariri kwa kuogopa fimbo ya mwinjilisti. Maandishi yake yote, yalipokusanywa kule Ujerumani, yalijaza mabuku zaidi ya 100. Huyo ndiye baba wa “Biblia peke yake”. Kama aliona inatosha kwa maana ya mhubiri wetu, mabuku hayo yote aliyaandika akitafuta nini?

Watasema hayo ni ya Wazungu. Haya, tuje Afrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, nchi ambayo leo ni Algeria. Alikuwa na akili nyingi na maisha ya hovyo. Mwaka 386, akiwa Milano, alitembelewa na Mwafrika mwenzake aliyemsimulia habari za maofisa wawili wa serikali ya Kirumi. Maofisa hao walikuwa wanatembea bustanini huko Trier, wakaingia kwenye kibanda cha watawa, wakakuta kitabu cha maisha ya Antonio wa Misri, kilichoandikwa na Athanasio, askofu wa Aleksandria. Mmoja akaanza kusoma. Hakumaliza akiwa bado na ajira yake. Wote wawili wakaacha kazi ya Kaisari palepale, na wachumba wao nao wakajitoa kwa Mungu. Augustino aliposikia kwamba watu wa kawaida wanafanya mambo kama hayo kwa kusoma kitabu, alivurugika, akakimbilia bustanini, na huko ndiko alikofungua barua ya Paulo kwa Warumi na kugeuka moja kwa moja. Angalieni mpangilio. Biblia ilimaliza kazi. Lakini aliyemsukuma mpaka akaifungua ni kitabu cha Mwafrika kuhusu Mwafrika. Kanisa la Afrika lilikuwa na watu wa vitabu kabla Uingereza haijawa na jina hilo. Leo tunaambiwa eti kusoma ni tabia ya mjini.

Kwa kuwa tumetaja wachumba, niruhusuni niseme na la harusi, maana nalo linaniuma. John Bunyan alikuwa fundi wa masufuria huko Uingereza katika karne ya 17. Alipooa, mwenyewe anasema, yeye na mkewe hawakuwa na sahani wala kijiko. Mke alikuja na vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake, basi. Wakawa wanavisoma pamoja, na kwa kuvisoma yule fundi mtukanaji akaanza kuwaza habari za roho yake. Baadaye alifungwa miaka 12 katika gereza la Bedford kwa kosa la kuhubiri bila kibali, na mwaka 1678 akatoa kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma kwa Kiswahili, Safari ya Msafiri. Hakuna aliyemzidi Bunyan kwa kuijua Biblia. Ukimkata damu inatoka mistari. Na huyo alianzia kwenye vitabu viwili vya wanadamu vilivyokuja na bibi harusi.

Sasa nenda kwenye kitchen party yoyote Sinza au Mbezi. Kuna sufuria za kila ukubwa, jagi la umeme, seti za vikombe vya kutazamwa, mashuka, na kungwi anayelipwa kusema mambo ambayo bibi harusi anayajua. Nimechangia sherehe hizo mpaka jina langu limekaa kwenye makundi ya WhatsApp nisiyojua nani aliniingiza. Sijaona hata mara moja mtu akitoa kitabu. Ukitoa kitabu, MC atakitangaza kwa kejeli na ukumbi utacheka. Kisha ndoa ikiyumba tunakwenda kwa mhubiri mgeni atupakie mafuta ya elfu ishirini.

Nije sasa kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote, na naomba ndugu zangu wa Zanzibar wausikilize. Mwaka 1630 mchungaji mmoja Mwingereza, Richard Sibbes, alichapisha kitabu kidogo cha kuwafariji watu waliovunjika moyo. Mchuuzi maskini, machinga kwa lugha yetu, akawa anakitembeza vijijini pamoja na vikorokoro vingine. Akabisha hodi kwa mzee Baxter. Mzee akanunua. Mwanawe Richard, kijana wa miaka 15 hivi, akakisoma, kikamgusa. Richard Baxter huyo akaja kuwa mchungaji maarufu wa Kidderminster na mwandishi asiyechoka. Karne iliyofuata mchungaji mwingine, Philip Doddridge, aliyeyapenda sana maandishi ya Baxter, akatoa kitabu chake mwaka 1745 juu ya jinsi dini inavyoanza na kukua ndani ya mtu. Miaka 40 baadaye kijana tajiri, mbunge, mpenda karamu na kamari, alikuwa safarini Ulaya na rafiki yake, na katika kupitisha muda wakawa wanasomeana kitabu hicho cha Doddridge. Alirudi nyumbani mtu mwingine. Aliitwa William Wilberforce. Mwaka 1807 bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa, na jina lake ndilo linalotajwa kwanza kila kazi hiyo inapotajwa.

Mnajua mto huo ulimwagikia wapi. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa Unguja, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale Mkunazini, watu walipokuwa wakiuzwa. Mtaalamu wa historia ataniambia kwamba Barghash alisaini kwa kuogopa manowari, na kwamba Waingereza walikuwa na maslahi yao. Ahsante, najua, nimesoma. Ndiyo raha ya kusoma. Lakini manowari zile zisingekuwa na amri ya kukamata majahazi ya watumwa kama watu fulani London hawakuwa wamesumbuliwa na dhamiri kwa nusu karne, na aliyewasumbua alisumbuliwa na kitabu, na mwandishi wa kitabu hicho alilelewa na vitabu vya mtu aliyesumbuliwa na kitabu cha machinga. Laiti mzee Baxter angekuwa na mhubiri wetu pale mlangoni! Angemfukuza yule machinga: “Sisi tuna Biblia, inatosha.”

Na Ukristo wa huku kwetu ulieneaje? Mmisionari Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864, akafunga mtambo wa kuchapia, na vijana waliopanga herufi za risasi walikuwa wale waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi, kazi yake ya kwanza ya mtu huru ni kupanga sentensi za Kiswahili. Hawakuchapa Maandiko peke yake. Mwaka 1888 vijana wa shule ya Kiungani walikuwa na jarida lao, Msimulizi, wakiandikiana habari za imani na za vijijini mwao. Ng’ambo ya ziwa, mmisionari Alexander Mackay aliingia Buganda mwaka 1878 akiwa na mtambo wake mdogo, na kabla ya kupata maandishi ya Kiganda alitumia yale ya Kiswahili ya Steere. Vijana wa ikulu ya Kabaka walifundishana kusoma, na Juni 1886 baadhi yao walichomwa moto Namugongo. Wale waliojifunza imani kwa karatasi ndio walioshindwa kuikana mbele ya kuni. Nani basi aliyepozwa na vitabu?

Mtanisuta kwamba nazungumzia watu wakubwa. Haya, nina fundi cherehani mtaani kwetu. Kila mwanamke wa mji huu anajua tabia ya mafundi. Unapeleka doti ya kitenge, gauni linarudi, masalia hayarudi. Ukiuliza unaambiwa kitambaa kilikuwa kifupi. Fundi huyu ni mzee wa kanisa, na habari za Zakayo ameshazisikia kila mwaka tangu utoto. Zakayo alipanda mkuyu, Zakayo alikuwa mfupi, tuimbe. Halafu mtu akampa kijitabu kidogo cha Kiswahili juu ya toba na kurudisha vya watu. Nilikuwa nakiona pale mezani, kimelazwa wazi chini ya mkasi upepo usikifunge. Mwisho wa kila sura kilikuwa na maswali, na swali moja liliuliza: mahali pako pa kazi pana nini ambacho si chako?

Alikaa na swali hilo muda mrefu, mguu kwenye kanyagio, mashine imenyamaza. Baada ya hapo akaanza kuwaita wateja. Nyuma ya pazia alikuwa na mfuko wa salfeti umeshiba vipande, na kila kipande alikipachika karatasi kwa pini: jina la mwenyewe na nguo iliyoshonwa. Wengine walicheka. Mama mmoja alipewa kipande cha sare ya msiba wa mumewe, akakikunja na kukiweka ndani ya pochi bila kusema neno. Mwingine alihesabu vyake mara mbili akasema bado kimoja. Huyo ndiye binadamu, hata Zakayo naamini alikutana naye.

Swali langu kwa mhubiri ni hili. Mahubiri yote yale ya Zakayo yalikuwa wapi? Yalipita. Mhubiri hawezi kukaa na wewe dukani saa tano asubuhi wakati mkasi uko mkononi na mteja hayupo. Kitabu kinakaa. Kinakuuliza leo, kesho kinakuuliza tena, wala hakina haraka ya sadaka.

Watasema kuna vitabu vibaya. Vipo, tena vingi, na nitawasaidia kuvitaja. Kuna vile vyenye picha ya bwana mmoja wa Marekani, meno yote nje, akikuahidi hatua saba za kuwa tajiri kwa jina la Yesu. Kuna vya mitume wetu wenyewe, sura mbili za ushuhuda na sura kumi za namba za kutuma fedha. Dawa ya kitabu kibaya ni kusoma cha pili na cha tatu. Aliyesoma kimoja tu anadanganywa kirahisi, na aliyekatazwa vyote hana hata cha kulinganishia. Angalieni wale wanaoapa kwamba hawasomi ila Biblia: alfajiri simu zao zimejaa jumbe zisizo na mwandishi, malaika mwenye mbawa za waridi, na onyo kwamba usipotuma kwa watu kumi baraka itapotea. Hayo si maneno ya wanadamu? Hayo yameshuka Sinai?

Wala tusisingizie kwamba vitabu havipo. Wapo Central Tanganyika Press huko Dodoma, wapo Soma Biblia, wapo Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, wapo masista wa Paulines. Wasabato nawaonea wivu waziwazi, maana wana wainjilisti wa vitabu wanaotembea na mkoba juani, nyumba hadi nyumba, na ukimfungulia mlango mmoja hutoki bila kununua. Mwaka 2006 wasomi 70 wa Kiafrika, chini ya uhariri wa Tokunboh Adeyemo wa Nigeria, walitoa ufafanuzi wa Biblia nzima katika buku moja, wakieleza Maandiko kwa watu wanaojua mahari, ukabila, njaa na uchawi ni nini. Waafrika wenyewe wametufanyia kazi hiyo!

Usharika wetu unalo buku hilo. Liko ndani ya kabati la vioo kwenye ofisi ya nyuma, bado limevaa nailoni yake. Pembeni yake kuna vitabu vya nyimbo visivyo na jalada, rundo la vijitabu vya kipaimara, na daftari la waazimaji ambalo wino wake umefifia. Ufunguo anao mzee aliyehamia Kigamboni. Nimeuliza mara kadhaa, jibu ni kwamba atautuma na mtu. Wakati huohuo tumechangishana mamilioni, tumenunua spika mpya, na hizo kabati lake halifungwi. Zinanguruma mpaka usiku wa manane, na jirani zetu, waamini wa dini zote, sasa wanaijua sauti ya mhubiri wetu kuliko sisi tunavyozijua nyaraka za Paulo.

Kama bado mnaona nagombana na jambo dogo, kumbukeni Shakahola. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaaminisha wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Mhubiri huyo alikana mashtaka. Lakini mafundisho yake juu ya shule yalijulikana miaka kadhaa kabla: kwamba elimu ya dunia ni ya shetani, kwamba wazazi wawatoe watoto darasani. Watu wale walikuwa na Biblia.  Walichokosa ni sauti ya pili. Walikosa mtu wa kuwaambia kwamba Maandiko hayo yamekuwa yakisomwa kwa karne nyingi na hayajawahi kuwa na maana hiyo. Sauti ya pili hukaa ndani ya vitabu, na ndiyo ya kwanza kunyang’anywa pale mtu mmoja anapotaka kuwa mlango wa pekee wa Mungu.

Sisemi mhubiri wetu wa Jumapili ni mtu wa namna hiyo. Nasema amesimama kwenye barabara ileile, na sisi tulimpigia makofi.

Kwa hiyo nina mambo matatu. Baraza la wazee, tumeni kijana Kigamboni leo akachukue ufunguo, na kama hapatikani, leteni fundi avunje kufuli, nitalipa mimi. Wenye kumwita mhubiri mgeni, kabla hamjamlipia nauli muulizeni amesoma kitabu gani mwaka huu, na akianza kuwaeleza kwamba yeye husoma Neno tu, mpeni chai na kumsindikiza kituoni. Na wewe dada wa kwaya, kinyooshe kitabu chako, njoo nacho Jumapili, kaa benchi la mbele.

Bwana Mhubiri, najua utasomewa makala hii, maana kwa msimamo wako huwezi kuisoma mwenyewe. Ukiona nimekukosea, nijibu. Ila nijibu kwa maandishi, na chini yake uweke jina.